BUNDUKI MKONONI MWA NANI?
Hukumu ya Mahakama ya Marekani na Historia ya Haki ya Kubeba Silaha

Tarehe 23 Juni, 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri lililofunguliwa na chama cha wenye bunduki cha Jimbo la New York pamoja na raia wawili wa jimbo hilo. Majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba raia ana haki ya kikatiba ya kubeba bastola hadharani kwa ajili ya kujilinda. Sheria ya New York, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1911, ilimtaka mwombaji wa leseni aonyeshe sababu maalum inayomfanya ahitaji kutembea na bastola. Majaji wakasema sheria hiyo inakwenda kinyume cha Katiba. Hukumu hii inajulikana kwa kifupi kama hukumu ya Bruen, kwa jina la mkuu wa polisi wa jimbo aliyekuwa mshtakiwa.

Wako watu wanaosema kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani wenyewe na hayatuhusu. Sisi hatukubaliani na mawazo hayo. Suala la silaha ni suala la dola, na suala la dola ni kiini cha siasa yoyote. Kada au mwanafunzi anayetaka kujua nchi fulani inatawaliwa na nani, na kwa faida ya nani, hawezi kukwepa kuuliza nani katika nchi hiyo anaruhusiwa kushika bunduki na nani akishika anapigwa risasi.

Katika makala hii tunataka kueleza jambo moja. Haki ya kubeba silaha nchini Marekani imeandikwa kana kwamba ni ya watu wote, lakini katika historia yake yote imekuwa ikitolewa na kunyang'anywa kwa kutazama mkono unaoshika na tabaka linaloogopeshwa. Hukumu ya Bruen imeifanya historia kuwa mizani ya kupimia sheria za silaha. Basi hapana budi tuulize: historia hiyo ni ya nani?

ASILI YA HAKI HIYO

Haki tunayoizungumzia imo katika Rekebisho la Pili la Katiba ya Marekani, lililopitishwa mwaka 1791. Ni sentensi moja tu. Inataja mambo mawili: mgambo uliopangwa vizuri, ambao ni wa lazima kwa usalama wa nchi huru, na haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba, ambayo isiingiliwe. Kwa zaidi ya miaka mia mbili wanasheria wamebishana kama haki hiyo ni ya raia mmoja mmoja au ni ya umma uliojipanga katika mgambo. Mabishano hayo hatuwezi kuyaelewa mpaka tujue mgambo wenyewe ulikuwa na kazi gani.

Kazi mojawapo ilikuwa ulinzi dhidi ya maadui wa nje, na nyingine ilikuwa kuwafukuza wenyeji wa asili katika ardhi yao. Lakini katika majimbo ya Kusini, ambako uchumi wote ulisimama juu ya mgongo wa mtumwa, mgambo ulikuwa na kazi ya tatu: kuwazuia watumwa wasiasi. South Carolina ilitunga sheria ya doria za kuwadhibiti watumwa mwaka 1704. Walinzi wa doria walikuwa na ruhusa ya kuingia katika vibanda vya watumwa na kutafuta silaha.

Hofu ya mabwana hao haikuwa ya bure. Jumapili tarehe 9 Septemba, 1739, watumwa walikusanyika karibu na Mto Stono, South Carolina, wakavunja duka, wakachukua bunduki na baruti, wakaanza safari ya kwenda Florida, ambako watawala wa Kihispania walikuwa wameahidi uhuru kwa watumwa waliotoroka kwa Waingereza. Mgambo wa wazungu uliwafuata na kuwashambulia siku hiyo hiyo. Mwaka uliofuata koloni hilo lilipitisha sheria kali zaidi dhidi ya watumwa.

Wanyonge weupe nao waliwatia mabwana hofu. Mwaka 1786 na 1787 wakulima wa Massachusetts, waliozidiwa na madeni na kodi, walichukua silaha wakafunga mahakama zilizokuwa zikiwanyang'anya mashamba. Wengi wao walikuwa wamepigania uhuru wa nchi hiyo hiyo dhidi ya Uingereza. Walizimwa kwa nguvu, na uasi wao ulikuwa sababu moja iliyowaharakisha wenye mali kukutana Philadelphia mwaka 1787 kutunga Katiba yenye serikali kuu imara.

Mwaka huo huo wa 1791, watumwa wa Haiti waliinuka dhidi ya mabwana wa Kifaransa. Mabwana wa Marekani walisikia habari hizo wakatetemeka. Mwaka 1792 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya mgambo iliyoeleza mwanamgambo ni nani: ni raia mwanamume, huru, mwenye afya na mweupe, ambaye alitakiwa ajinunulie bunduki yake mwenyewe. Hapo tunapata jibu la kwanza la swali letu. Rekebisho la Pili lilisema "watu". Sheria iliyofuata muda mfupi baadaye ilionyesha rangi ya watu hao.

NENO "RAIA" NA MTU MWEUSI

Baada ya uasi wa Nat Turner katika jimbo la Virginia mwaka 1831, majimbo ya Kusini yalikaza kamba. Katiba ya zamani ya Tennessee ilisema watu huru wana haki ya kuwa na silaha. Mwaka 1834 jimbo hilo liliibadili ikasema watu huru weupe. Neno moja lilitosha kumwondoa mtu mweusi aliyekuwa huru.

Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika shauri la Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake. Jaji Mkuu Roger Taney aliandika kwamba watu weusi hawawezi kuwa raia. Katika kueleza hatari za kuwapa uraia, alitaja waziwazi kwamba wangekuwa na haki ya kusafiri watakako, kufanya mikutano ya hadhara ya siasa, na kuwa na silaha na kuzibeba popote waendapo. Kada asome jambo hilo kwa makini. Jaji hakusema kwamba haki ya silaha haipo. Alisema ipo, na kwa sababu ipo ndiyo maana mtu mweusi asiwe raia!

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilibadili mambo. Watu weusi wapatao 180,000 waliingia katika jeshi la Kaskazini, na utumwa ukavunjwa na mapambano ambayo wao wenyewe walikuwa ndani yake na bunduki mikononi. Lakini vita vilipokwisha tu, wenye mashamba walirudi kwa mlango wa sheria. Mwishoni mwa 1865 jimbo la Mississippi lilimkataza mtu mweusi aliyeachiwa huru kuwa na bunduki bila leseni ya wakuu wa wilaya yake. Wakuu hao walikuwa ndio wenye mashamba na ndugu zao. Mfanyakazi asiye na ardhi, asiye na kura na asiye na silaha, ilimbidi arudi katika shamba lile lile la pamba kwa masharti ya bwana yule yule.

Rekebisho la Kumi na Nne la mwaka 1868 lilimpa mtu mweusi uraia. Haki hiyo ilijaribiwa mapema. Siku ya Pasaka, tarehe 13 Aprili, 1873, katika mji wa Colfax, Louisiana, kundi la wazungu wenye bunduki na mzinga liliwazingira watu weusi waliokuwa wakilinda jengo la mahakama baada ya uchaguzi uliogombaniwa. Watu weusi wengi waliuawa, wengine baada ya kusalimu amri. Serikali kuu iliwashtaki baadhi ya wauaji kwa kuwanyima wenzao haki zao, ikiwemo haki ya kuwa na silaha.

Mwaka 1876, katika hukumu ya Cruikshank, Mahakama ya Juu ilitengua mashtaka hayo. Ilisema Rekebisho la Pili linalizuia Bunge la nchi peke yake. Halimlindi raia dhidi ya raia mwenzake, na mwenye kuonewa akatafute ulinzi katika jimbo lake. Maana yake ni kwamba aliyenyang'anywa aliambiwa akashtaki kwa mnyang'anyi. Kutoka hapo mpaka katikati ya karne ya ishirini, ugaidi wa Ku Klux Klan na wa makundi mengine kama hayo ulitawala Kusini, na Mahakama ilikuwa imekwisha nawa mikono.

WAFANYAKAZI WA CHICAGO

Asije mtu akadhani kwamba jambo hili ni la rangi tu. Rangi na tabaka zilikwenda pamoja.

Katika miaka ya 1870 wafanyakazi wahamiaji wa Kijerumani mjini Chicago, wengi wao wasoshalisti, waliunda chama cha mafunzo na ulinzi. Walikuwa wameona jinsi polisi na askari walivyotumika kuwapiga wagomaji. Mwaka 1879 jimbo la Illinois lilikataza makundi ya watu, isipokuwa mgambo wa serikali na majeshi ya nchi, kufanya gwaride na silaha bila kibali cha gavana. Kiongozi mmoja wa wafanyakazi hao, Herman Presser, aliongoza gwaride la wenzake wapatao 400, akashtakiwa na kutozwa faini. Mwaka 1886 Mahakama ya Juu ilikubaliana na jimbo. Rekebisho la Pili, ikasema tena, haliyazuii majimbo.

Sasa tulinganishe. Mwaka 1892, miaka sita tu baadaye, wafanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Carnegie huko Homestead, Pennsylvania, walikuwa wamefungiwa nje kwa sababu walikataa kupunguziwa ujira. Wenye kiwanda waliajiri watu 300 wenye silaha kutoka shirika la Pinkerton na kuwaleta usiku kwa mashua. Mapambano yalitokea na watu walikufa pande zote mbili. Wafanyakazi walipowashinda walinzi hao wa kukodi, gavana alipeleka mgambo wa jimbo, maelfu ya askari, na mgomo ukavunjwa.

Tunaona basi kwamba bunduki ya mfanyakazi iliitwa hatari kwa amani, na bunduki iliyokodiwa na bepari ikaitwa ulinzi wa mali.

SHERIA MOJA, MIKONO MIWILI

Mtu anaweza kusema kwamba sheria nyingi za silaha za baada ya hapo hazikutaja rangi. Ni kweli. Lakini sheria isiyotaja rangi inaweza kutumika kwa rangi.

Mwaka 1893 Florida ilitunga sheria ya kumtaka mtu awe na leseni ili achukue bunduki ya aina fulani. Mwaka 1941 jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo hilo aliandika bila kificho kwamba sheria ile ilitungwa kwa lengo la kuwanyang'anya silaha vibarua weusi, haikukusudiwa kwa wazungu, na kwa kweli haikuwa ikitumika kwa wazungu. Ni nadra jaji kusema ukweli mchungu namna hiyo.

Mwaka 1956, baada ya nyumba yake ya Montgomery, Alabama, kutupiwa bomu, Martin Luther King aliomba kibali cha kubeba bastola. Alinyimwa. Mtu ambaye adui zake walikuwa wanajulikana, na ambaye mke na mtoto wake walikuwa wamenusurika, hakuonekana kuwa na sababu ya kutosha. Maneno "sababu ya kutosha" tuyakumbuke, maana tutayakuta tena New York.

Katika mji wa Monroe, North Carolina, Robert Williams aliwapanga watu weusi wajilinde kwa silaha dhidi ya Ku Klux Klan. Mwaka 1961 alilazimika kukimbilia Kuba, baadaye China, na alifika hapa Tanzania kabla ya kurudi kwao mwaka 1969.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa California. Mwezi Oktoba, 1966, Huey Newton na Bobby Seale walianzisha Chama cha Black Panther mjini Oakland. Sheria ya jimbo iliruhusu raia kubeba bunduki iliyo wazi. Vijana hao wakaichukua sheria kama ilivyoandikwa: walifuata magari ya polisi katika mitaa ya watu weusi, bunduki mkononi na kitabu cha sheria mkononi, wakiangalia polisi wanavyowatendea raia. Mbunge Don Mulford akapeleka muswada wa kuikomesha ruhusa hiyo. Tarehe 2 Mei, 1967, Wapanther wapatao 30 walikwenda na bunduki zao mpaka katika jengo la Bunge la jimbo, Sacramento, kuupinga muswada. Ulipitishwa haraka, na Gavana Ronald Reagan akautia sahihi. Hata chama kikubwa cha wenye bunduki cha Marekani, NRA, kiliunga mkono.

Reagan huyo huyo alikuja kuwa Rais kwa msaada wa NRA hiyo hiyo, akisifiwa kuwa mtetezi wa haki ya kubeba silaha. Hapa hatuna haja ya nadharia ndefu. Bunduki ilikuwa ile ile, Katiba ile ile na gavana yule yule. Kilichobadilika ni mkono ulioshika.

Ushahidi wa mambo hayo umeishi hapa kwetu. Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa Black Panther mjini Kansas City, alitiwa hatiani mwaka 1970 kwa kosa la kuvusha bunduki kutoka jimbo moja hadi jingine, akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Alikimbia nchi yake, akapitia Algeria, na mwaka 1972 akafika Tanzania. Yeye na mkewe Charlotte walijenga maisha yao katika kijiji cha Imbaseni, Meru, na kuanzisha kituo cha kufundisha vijana. Mamilioni ya Wamarekani wamiliki wa bunduki huvuka mipaka ya majimbo yao. Ni wachache walioishi uhamishoni kwa ajili hiyo.

BIASHARA YA HAKI

Chama cha NRA kilianzishwa mwaka 1871 kufundisha shabaha. Kwa miaka mingi kilikubali sheria kadhaa za kudhibiti silaha. Mwaka 1977, katika mkutano wake mkuu mjini Cincinnati, kundi la msimamo mkali lilitwaa uongozi. Tangu hapo kazi yake kubwa imekuwa kuwabana wanasiasa, na makampuni ya kutengeneza silaha yamekuwa miongoni mwa wafadhili wake.

Mawazo yaliyopandwa na chama hicho yalichipuka mahakamani. Mwaka 2008, katika hukumu ya Heller, majaji watano dhidi ya wanne walitamka kwamba Rekebisho la Pili ni haki ya mtu binafsi kuwa na bastola nyumbani kwake, hata kama hana uhusiano wowote na mgambo. Mwaka 2010, katika hukumu ya McDonald dhidi ya mji wa Chicago, walisema haki hiyo inayabana majimbo pia. Mlalamikaji mkuu alikuwa mzee mweusi, Otis McDonald, aliyechoka kuvunjiwa nyumba na wahuni. Jaji Clarence Thomas, naye mweusi, alikumbusha damu ya Colfax na aibu ya hukumu ya Cruikshank. Aliyoyasema kuhusu Colfax yalikuwa kweli. Lakini kweli hiyo ilichelewa miaka 134, na ilikuja wakati faida yake kubwa inakwenda kwa muuza bunduki.

Hebu tutazame hesabu. Uchunguzi wa Small Arms Survey ulikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Marekani walikuwa na bunduki milioni 393, yaani zaidi ya idadi ya watu wenyewe. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini humo, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Mwaka 2005 Bunge lao lilitunga sheria ya kuyakinga makampuni ya silaha yasishtakiwe, isipokuwa katika hali chache, kwa madhara yanayofanywa na wahalifu wanaotumia bidhaa zao. Faida ikabaki kwa kampuni, na msiba ukaachiwa familia.

MIZANI YA HISTORIA

Sasa turudi kwenye hukumu ya Bruen. Jaji Thomas, aliyeiandika, hakuishia kuifuta sheria ya New York. Aliweka kipimo kipya. Serikali ikitaka kutetea sheria yoyote ya silaha, haitoshi kuonyesha kwamba sheria hiyo inaokoa maisha. Inatakiwa ionyeshe kwamba sheria hiyo inalingana na desturi ya kihistoria ya nchi katika kudhibiti silaha.

Hukumu hiyo iliwagusa raia mara moja. Majimbo mengine matano, yakiwemo California, New Jersey na Maryland, yalikuwa na sheria za namna ile, nayo yalilazimika kubadilika. New York ilitunga sheria mpya iliyoanza kutumika Septemba, 2022, ikikataza bastola katika shule, hospitali, vyombo vya usafiri wa umma na mahali pengine pengi. Na kesi nyingine zikaanza papo hapo. Haya yalitokea wakati nchi bado inaomboleza. Tarehe 14 Mei, 2022, mbaguzi wa rangi aliua watu weusi kumi katika duka mjini Buffalo, New York. Siku kumi baadaye watoto 19 na walimu wawili waliuawa katika shule huko Uvalde, Texas.

Ni rahisi kwa kada kuhitimisha kwamba hukumu hiyo ni ya mabepari, basi, na sheria ya zamani ilikuwa ya wanyonge. Tusifanye haraka. Mawakili weusi wanaowatetea maskini katika mahakama za New York, wakiwemo wa mtaa wa Bronx, waliandikia Mahakama ya Juu kuipinga sheria ya zamani. Walieleza kwamba karibu wote wanaowatetea kwa kosa la kukutwa na bastola bila leseni ni watu weusi na wenye asili ya Kihispania. Leseni ilikuwa ya mwenye jina, mwenye fedha na mwenye wakili. Jela ilikuwa ya kabwela. "Sababu maalum" ilipimwa na afisa wa leseni, na afisa huyo aliona sababu ya tajiri kwa urahisi kuliko ya kijana wa Bronx.

Kwa hiyo mnyonge wa New York aliwekwa kati ya mambo mawili. Chini ya sheria ya zamani alifungwa kwa kubeba bastola. Chini ya hukumu mpya anaambiwa ana haki ya kuibeba, katika mitaa ambayo bastola zimeongezeka na polisi ni wale wale. Tarehe 6 Julai, 2016, karibu na mji wa Saint Paul, Minnesota, Philando Castile, mtu mweusi aliyekuwa na kibali halali, alisimamishwa barabarani akamwambia polisi kwa adabu kwamba anayo bunduki. Alipigwa risasi tano akafa. Polisi huyo alishtakiwa, na mwaka 2017 baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru. Kibali kilikuwa mfukoni, lakini hakikumkinga.

Kipimo cha historia nacho kilileta vituko vyake mapema. Mwaka 2023 mahakama moja ya rufani ilifuta sheria inayomkataza mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kumtishia au kumpiga mwenzi wake asiwe na bunduki, kwa hoja kwamba zamani hapakuwa na sheria ya namna hiyo. Ni kweli haikuwepo! Zama hizo mwanamke hakuwa na kura, na mume kumpiga mke hakukuhesabiwa kuwa jambo la kumnyang'anya mtu bunduki. Mwaka 2024, katika hukumu ya Rahimi, Mahakama ya Juu yenyewe ilirekebisha jambo hilo kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, ikisema inatosha sheria ya leo kulingana na misingi ya zamani, si lazima ifanane nayo kwa kila kitu. Jaji mmoja aliyekataa alikuwa Thomas.

Huo ndio ubovu wa mizani yenyewe. Sheria za zamani zilitungwa na wanaume weupe wenye mali. Watumwa, wanawake, wenyeji wa asili na wengi wa wasio na mali hawakuwa bungeni wala katika orodha ya wapiga kura. Ukisema kwamba umma wa leo hauwezi kujilinda ila kwa namna waliyoijua watu wale, umewapa waliokufa kura ya turufu juu ya walio hai. Na ukichambua desturi yao kwa uaminifu, utakuta kwamba desturi yao kubwa kuliko zote ilikuwa kumnyang'anya silaha mnyonge.

FUNZO KWETU

Historia hii si ngeni katika bara letu. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kuafikiana mkataba uliosemwa kuwa wa kukomesha biashara ya utumwa. Mkataba huo ulikataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa idhini ya watawala. Miaka 15 baadaye wapiganaji wa Majimaji walikabili bunduki za rashasha za Wajerumani kwa mikuki, mishale na magobore.

Ndiyo maana Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotolewa baada ya uvamizi wa Wareno nchini Guinea na mapinduzi ya kijeshi ya Uganda, ulitilia mkazo ulinzi wa umma na mafunzo ya mgambo. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 28, inautaja ulinzi wa taifa kuwa ni wajibu wa kila raia. Bunduki ya raia binafsi, kwa upande wake, inasimamiwa kwa leseni chini ya sheria ya mwaka 2015. Msimamo huo ni tofauti na wa Marekani. Kwao silaha ni haki ya mtu mmoja dhidi ya jirani yake; kwetu ulinzi ni kazi ya umma kwa pamoja.

Lakini itakuwa ni kujidanganya tukiishia katika kujisifu. Mwongozo ule ule ulikemea viongozi wenye majivuno na uonevu. Swali tulilowauliza Wamarekani yatupasa tujiulize wenyewe. Je, leseni ya silaha inatolewa kwa haki sawa, au mwenye fedha anaipata na mfugaji anayeibiwa ng'ombe anazungushwa? Je, mgambo anayepewa nguvu kwa jina la umma anamlinda mama muuza ndizi, au anampindulia sinia lake? Je, askari akimpiga risasi raia, uchunguzi unafanywa kwa uzito ule ule kama aliyeuawa ni mkubwa? Mahali ambapo jibu ni baya, tofauti yetu na Marekani itakuwa ya maneno tu.

Kada aliyeisoma historia hii atakuwa ameona kwamba hakuna hata mara moja ambapo karatasi peke yake ilimlinda mnyonge. Pale Colfax palikuwa na Katiba iliyokwisha rekebishwa, na Castile alikuwa na kibali. Kilichokosekana kila mara ni umma wenye uwezo wa kuilazimisha dola iheshimu kilichoandikwa. Kazi ya kujenga uwezo huo haifanywi na majaji tisa. Ni kazi ya wananchi waliojipanga, wanaojua haki zao na wasioogopa kumuuliza kiongozi wao. Hiyo ndiyo kazi ya Chama, na kada asiyeifanya asishangae siku atakapokuta kwamba sheria nzuri tuliyoiandika imegeuzwa fimbo ya kuwapigia wale wale tuliosema tunawatetea.